Iowa: tumehesabiana wenyewe ukumbini, halafu mshindi hajulikani

#1 Mto Iowa (mwenye uzi), 4 Februari 2020

Wakuu, salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa kesi ya Trump kwenye Seneti, hili ni jambo lake peke yake.

Jana Jumatatu, saa moja usiku kwa saa zetu (kwenu ilikuwa saa kumi alfajiri), chama cha Democratic hapa jimbo la Iowa, Marekani, kiliitisha kokasi, vile vikao vya mchujo vya kuanza kumtafuta atakayepambana na Trump mwezi wa 11. Iowa ndiyo inafungua dimba, na imekuwa hivyo tangu 1972. Mwaka mzima wagombea wamepiga kambi hapa, wamekula nyama ya nguruwe ya kijitini kwenye maonyesho ya kilimo, wamewapa watu mikono mpaka kwenye vijiji ambavyo hata sisi wakazi hatuvijui. Sasa ni Jumanne mchana na chama hakijatoa hata namba moja. Sifuri.

Kwa wasioujua utaratibu: hakuna sanduku, hakuna kibanda cha kujificha. Mnakutana kwenye gym ya shule, kanisani au maktaba, kila mtu kwenye mtaa wake wa kupigia kura. Kila mgombea ana kona yake. Kwetu watu wa Sanders walikaa chini ya goli la kikapu, wa Warren wakashika viti vya kukunja, wa Biden wakabaki karibu na mlango, na nikisema ukweli kuna wakati nilidhani wanaondoka. Mnahesabiwa vichwa. Kundi lisilofika asilimia 15 ya waliopo limekwisha, na watu wake wanahamia kwingine, wanaungana na wanyonge wenzao, au wanachukua makoti yao wanakwenda kulala. Hapo ndipo utamu ulipo. Jirani yako unayemjua kwa kuondoa theluji anakuja na biskuti mkononi kukubembeleza: njoo kwetu, tumebakiza watu watatu tu.

Halafu vichwa vinageuzwa kuwa wajumbe (wa kumwakilisha mgombea kwenye mkutano wa chama wa kaunti), na hapa ndipo wengi wanapopotea. Chukua mfano ukumbi una watu 200 na umepangiwa wajumbe 6. Mwisho wa kuhamahama Sanders ana 70, Buttigieg 60, Warren 38, Biden 32. Unazidisha kila kundi kwa 6, unagawa kwa 200, unakadiria. Sanders anapata 2.1, sawa na wajumbe 2. Buttigieg 1.8, naye wajumbe 2. Warren 1, Biden 1. Aliyeongoza kwa watu kumi amelingana na aliyefuata. Zidisha hali hiyo kwa kumbi zaidi ya 1,600 kwenye kaunti 99, utaelewa kwa nini mwaka huu chama kiliahidi kutoa namba za aina tatu kwa mara ya kwanza: vichwa vya mwanzo, vichwa vya mwisho, na wajumbe.

Ahadi ndiyo hiyo iliyowatokea puani. Wenyeviti wa kumbi walipewa programu ya simu ya kutuma matokeo. Wengine walishindwa hata kuingia. Walioshindwa wakapiga simu makao makuu, na simu zikazidiwa. Karani mmoja wa Story County alikuwa hewani CNN akisubiri zaidi ya saa nzima kusoma matokeo yake; chama kilipopokea hatimaye, yeye akiwa anaongea na mtangazaji, wakamkatia. Nchi nzima imeona.

Hasira za watu niliozisikia leo kazini na kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Iowa City na Coralville si za programu. Mtu hagombani na programu. Kinachowaudhi ni kwamba sisi tulimaliza mapema. Tulihesabu kwa sauti, tukaandika, wawakilishi wa makundi wakasaini, tukapiga makofi. Namba ya ukumbi wetu naijua mpaka sasa kichwani. Namba ya jimbo ndiyo hakuna anayeijua, na Buttigieg jana usiku kashasimama jukwaani kusema anakwenda New Hampshire, jimbo linalofuata, akiwa mshindi.

Nawasilisha.

#2 Kijiwe cha Kahawa

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Leteni na kashata.

#3 Goli la Mkono

Hahahaa! Wakuu, tupeleke waangalizi. Nashauri timu ya waangalizi wa Afrika Mashariki ifunge safari Des Moines, watoe taarifa ya awali kwamba "uchaguzi ulikuwa wa amani ila kulikuwa na kasoro ndogondogo ambazo haziwezi kuathiri matokeo". Halafu per diem wapewe kwa dola.

Mnachakachuana wenyewe kwa wenyewe kabla hata hamjafika kwa Trump!

#4 Karani Mstaafu

Mwenye uzi, hongera kwa maelezo. Mimi niko Nyanza, Kenya, na niliposoma habari ya watu kusimama kwenye kona zao nilitabasamu peke yangu mpaka mke wangu akaniuliza kulikoni.

Sisi hii tuliifanya 1988. Mlolongo. Uteuzi wa KANU, chama kimoja, watu wanapanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake aliyeshika picha, na msimamizi anahesabu. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 kwenye foleni alihesabiwa amepita bila kupingwa, hakuna tena kura ya siri. Mimi nilikuwa kijana, karani wa kuandika. Foleni unaiona kwa macho: moja imezunguka uwanja wa shule, nyingine inaishia kwenye mti wa kwanza. Jioni redio inatangaza kwamba aliyeshinda ni wa mti wa kwanza.

Utabisha vipi? Foleni ikishatawanyika haiwezi kuhesabiwa tena. Hakuna karatasi. Kila aliyekuwepo ni shahidi, lakini ushahidi wenyewe umekwenda nyumbani kula. Maaskofu kina Okullu, Muge na Gitari walipiga kelele kwelikweli, na baada ya kamati ya Saitoti kuzunguka nchi 1990 kukusanya maoni, mlolongo ukafutwa.

Sasa swali langu kwa mwenye uzi. Hizo kona zenu zikishatawanyika, mnabaki na nini mkononi?

#5 Mto Iowa

Mzee wangu Karani, shikamoo. Swali lako limegonga penyewe.

Zamani tulikuwa tunabaki na karatasi ya mwenyekiti tu. Mwaka 2016 Clinton alimpita Sanders kwa asilimia 49.8 kwa 49.6, kuna kumbi walirusha sarafu kuamua mjumbe wa mwisho, na Sanders alipotaka kujua vichwa halisi hakuna aliyekuwa navyo. Ndiyo maana safari hii kila mtu alipewa kadi. Unaandika jina la mgombea wako wa kwanza upande mmoja, unasaini, na kama kundi lako limekufa unaandika la pili upande wa nyuma. Kadi zinakusanywa na zinatunzwa. Kwa hiyo hata programu ikifa, kadi zipo. Kutangaza kutachelewa ila hakuna kilichopotea.

Kuna kadi moja imekuwa gumzo mitandaoni leo. Mama mmoja alishasaini ya Buttigieg, halafu akaambiwa pale pale kwamba jamaa ameoana na mwanamume mwenzake. Mama akataka kadi yake irudishwe. Wakala akabaki anamweleza kwa upole kabisa, bila kumcheka. Ubishi wote huo mbele ya kamera! Ndiyo gharama ya kura ya wazi: hata kubadili mawazo unabadili hadharani.

#6 Dereva wa Usiku

Mkuu Mto Iowa, umeeleza vizuri ila umewasahau watu kama mimi. Niko Cedar Rapids, nafanya zamu ya jioni. Uraia nimeupata, nina haki zote, lakini saa moja usiku niko kazini. Hakuna kura ya mapema, hakuna kumtuma mtu. Nani anahesabiwa kwenye hizo kona? Mwenye gari, mwenye kazi ya mchana, asiye na mtoto mchanga, asiyeogopa kuteleza kwenye barafu. Mkifurahia biskuti mjue wapo waliokuwa kazini.

Najua mwaka huu waliweka vikao vya pembeni kwa watu wa zamu. Nasikia kulikuwa na 87, vitatu nje ya nchi: Paris, Glasgow na Tbilisi. Sawa. Lakini mpaka uombe mapema na ukubaliwe. Mwenye habari ndiye aliyepata.

#7 Mto Iowa

Umenena kweli na sina la kubisha. Ila kuna moja nikupe kwa kuwa inatuhusu watu wa upande wetu wa Afrika. Kikao cha kwanza kabisa cha siku ya jana humu Iowa kilikuwa cha pembeni, Ottumwa, kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi, kwa ajili ya watu wa kiwanda cha nguruwe wanaoingia zamu ya pili. Walikuwa 15, wengi wao Waethiopia. Sanders 14, Warren 1. Wote walikutana saa sita mchana, wakamaliza wakaenda kazini, na huenda ndio wapigakura pekee jana waliolala wakijua kura zao zimekwenda wapi, maana magazeti yaliandika papo hapo.

#8 Kahama Kwetu

Naomba niwe mchokozi kidogo. Nyie mnalalamika matokeo yamechelewa siku moja, lakini mwanachama wa kawaida ameingia ukumbini na kuchagua. Huku kwetu mwanachama wa kawaida anachagua mgombea urais wapi?

Turudi Julai 2015 Dodoma. Makada 42 walichukua fomu CCM. Majina yakaingia Kamati Kuu, yakatoka matano: Magufuli, Membe, January Makamba, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Lowassa, aliyekuwa anajaza watu kila alikopita kutafuta wadhamini, jina limekatwa kabla halijafika hata Halmashauri Kuu. Wajumbe wakaimba ukumbini kwamba wana imani na Lowassa. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Nchimbi, Sophia Simba na Kimbisa, wakatoka kwa waandishi kujitenga na uamuzi. Haikubadili kitu. Mkutano Mkuu ukapewa majina matatu, Magufuli akapata kura 2,104, Amina 253, Migiro 59. Kabla Julai haijaisha Lowassa yuko CHADEMA.

Sasa angalieni. Pale Dodoma namba zilijulikana mpaka kura ya mwisho, zikatangazwa bila programu wala simu kukatika. Lakini mchujo wenyewe ulishafanyika kwenye chumba ambacho hakuna mwananchi aliyekiona. Iowa ni kinyume chake. Ukumbi mmeuona wote, majumlisho ndiyo yako gizani.

Ukiniuliza mimi, afadhali Iowa.

#9 Goli la Mkono

@Kahama Kwetu acha kukiteta chama bwana. Vikao ndivyo vinavyochuja. Ukiachia kila mtu, atashinda mwenye pesa. Hao Wamarekani si ndio walimwachia kila mtu wakampata Trump?

#10 Kahama Kwetu

Pesa zilikuwepo Dodoma pia ndugu yangu, hoteli zilijaa bila maombi ya mvua.

#11 Mama Coralville

Mimi siandikaga sana humu, nasomaga tu. Nimetokea Bukavu, nimepitia kambi Burundi kabla ya kuletwa huku. Jana ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda hiyo kokasi. Nilikwenda na binti yangu wa chuo anitafsirie maana Kiingereza cha mikutano kinanipita.

Nitawaambia kilichonishangaza. Kijana wa Warren alikuja akanieleza mambo ya bima ya matibabu, akamaliza. Wa Sanders akaja, naye bima. Mzee mmoja wa Klobuchar akaja, akasema yeye hana hotuba, ila mama unaonekana umechoka, njoo ukae hapa kuna kiti. Nikaenda kukaa! Binti yangu alicheka sana. Baadaye kundi lao halikutosha tukahamishwa, na yule mzee akanishukuru kana kwamba nimempa ng'ombe.

Kwa hiyo wale wanaosema ni udanganyifu, mimi sijui ya juu. Ya pale chini sikuona mtu akidanganywa. Ila nilipoambiwa niandike jina langu na saini kwenye kadi yenye jina la mgombea, mkono ulisita. Kwetu ukimwandika mtu unayemtaka na jina lako chini yake, umejitia hatarini mwenyewe. Binti akaniambia mama hapa hakuna tatizo. Nikasaini. Lakini usiku nililiwaza.

#12 Kijiwe cha Kahawa

Mama Coralville heshima yako. Andikaga mara nyingi zaidi.

#13 Mto Iowa, 9 Februari 2020

Wakuu, nyongeza kwa wanaofuatilia.

Jumanne jioni walitoa asilimia 62 ya vituo, Buttigieg mbele. Wakaendelea kutoa vipande vipande, mara warekebishe walichotoa, mpaka Alhamisi wakafika mwisho. Kwa wajumbe Buttigieg ana asilimia 26.2, Sanders 26.1. Warren 18, Biden karibu 16, Klobuchar 12 na ushei. Kwa vichwa vya mwanzo Sanders amewazidi wote, amempita Buttigieg kwa takribani 6,000, naye Alhamisi hiyo katangaza ushindi wake. Kwa hiyo tuna washindi wawili waliojitangaza. Shirika la habari la AP limesema halimtangazi yeyote. Mwenyekiti wa chama wa taifa, Tom Perez, ametaka majumlisho yapitiwe upya.

Chama kinasema programu ilipokea takwimu sawasawa ila kasoro kwenye msimbo ikawa inapeleka sehemu yake tu. Inawezekana. Ila New York Times wamepekua namba wakakuta kumbi zaidi ya 100 zenye mikanganyiko: wajumbe waliotolewa ni wengi kuliko walioruhusiwa, kundi lililopata watu mwanzoni likapungukiwa mwishoni ilhali halikuruhusiwa kuhama, mambo ya namna hiyo. Si wizi ukitazama, maana makosa yanamwangukia kila mtu. Ni mwalimu mstaafu na jirani yake wanafanya hesabu za kuzidisha na kugawa saa tatu usiku, watu wamevaa makoti wanataka kuondoka.

Lakini subirini hii. Mwanasheria wa chama ameandika kwamba ile karatasi ya hesabu ikishasainiwa ni hati ya kisheria, hata kama kujumlisha kumekosewa haiwezi kuguswa. Yaani 2 na 2 wameandika 5, wote wamesaini, basi ni 5.

Hapo ndipo watu wa hapa walipokasirika upya. Jamaa mmoja nafanya naye kazi, Mdemokrati tangu enzi za Carter, alikuwa anawatetea tangu Jumatatu: subira, subira, kadi zipo. Alipoisoma hiyo ya mwanasheria alinyamaza, akaweka simu mfukoni, akasema basi kadi zilikuwa za kazi gani.

#14 Pwani Moja

Mimi nawaambia hii ni kazi ya wakubwa wa chama, hawamtaki Sanders tangu 2016. Programu imelipiwa na watu fulani, mnajua. Amkeni.

#15 Karani Mstaafu

@Pwani Moja, niruhusu kijana wangu. Nimesimamia vituo, nimeona wizi, na wizi una tabia zake. Mwizi wa kura hataki karatasi, hataki kuchelewa, na hataki aliyeshindwa awe mbele kwa vichwa kwenye takwimu alizozitoa yeye mwenyewe. Hao wametoa namba inayomsaidia Sanders kwa mikono yao. Hiyo ni fujo ya watu waliochoka.

Ila sikulaumu kwa kushuku. Sisi Kenya tumeshuku mpaka mahakamani. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Maina Kiai mwaka 2017 ilisema matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, Nairobi wasiyaguse. Agosti tukapiga kura, Septemba 1 Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi mzima, na sehemu kubwa ya ubishi ilikuwa namna fomu zilivyosafiri kutoka kituoni kwenda juu. Kituoni hatukuwa na shida kubwa. Kituoni mawakala mnatazamana usoni, mnajuana kwa majina. Shida ni barabara ya kwenda Bomas, kule Nairobi kura zinakojumlishwa.

Kwa hiyo mwenye uzi, chama chenu kingebandika kila karatasi ya hesabu mtandaoni usiku ule ule, kila ukumbi ujitafute. Wangeaibika mapema, lakini kwa makosa yao halisi.

#16 Goli la Mkono

Mzee Karani leo umenifunga mdomo, na si kawaida yangu.

#17 Dereva wa Usiku

Niongeze kidogo. Mwaka 2008 waliohudhuria walikaribia 240,000, safari hii ni kama 176,000. Walitutangazia kwamba hasira za watu kwa Trump zitavunja rekodi. Hasira zipo, nawahakikishia, hata huku kwenye maegesho ya kiwanda. Ila hasira haikupi ruhusa kazini.

#18 Kisumu Ndogo

Umenikumbusha 2008 ndugu Dereva. Tarehe 3 Januari. Sisi tulikuwa tumejifungia ndani, matairi yanaungua barabarani, Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kenya, ameshatangaza, watu wanauana kwa sababu ya majumlisho ambayo hakuna aliyeyaamini. Redio ikasema Obama ameshinda Iowa. Nakumbuka mzee jirani alipita uani akauliza: Iowa ni wapi? Hakuna aliyejua. Akasema popote pale, huko wanajua kuhesabu.

Nikisoma huu uzi namkumbuka. Alishatangulia mbele za haki.

#19 Mto Iowa, 13 Februari 2020

Mwenyekiti wa chama wa jimbo, Troy Price, alitangaza kujiuzulu jana. Nevada wanafanya kokasi tarehe 22 na wameshasema ile programu hawataigusa.

Watu wa hapa wamegawanyika pabaya. Wazee wanasema kokasi ni roho ya Iowa, Carter mwaka 1976 alijulikana kwa sababu yake, ingawa "bado hatujaamua" ilipata asilimia kubwa kuliko yeye. Vijana wanasema leteni sanduku la kura tupige siku nzima, basi. Mimi niko katikati kwa uchoyo: naupenda ule usiku, lakini najua Dereva hakuwepo.

#20 Fukua Fukua, 17 Januari 2024

Wakuu samahani nimefukua kaburi. Nilikuwa natafuta habari za Iowa ya juzi nikakutana na huu uzi, nimeusoma mpaka mwisho. Mwenye uzi upo? Nini kimebadilika?

#21 Mto Iowa, 18 Januari 2024

Nipo mkuu. Baridi tu ndiyo inatumaliza, Jumatatu ilikuwa baridi ya kuganda kope.

Kwa Democratic, kwisha habari. Chama cha taifa kimeipa South Carolina nafasi ya kwanza. Sisi tunapiga kwa posta, kadi inakuja nyumbani, na matokeo yatatolewa tarehe 5 Machi. Jumatatu tulikutana kwa mambo ya ndani ya chama tu, hakuna kona, hakuna kubembelezana. Dereva sasa anaweza kupiga kura akitoka zamu, na nimefurahi kwa ajili yake. Mama Coralville anasema yule mzee wa Klobuchar bado anamsalimia dukani.

Republican wao wameendelea na kokasi, ila yao ni rahisi tangu zamani: hotuba fupi, karatasi, unaandika jina kwa siri, zinahesabiwa mbele yenu. Nao yamewahi kuwakuta. Mwaka 2012 Romney alitangazwa mshindi kwa kura 8, baada ya wiki mbili Santorum akaonekana yuko mbele kwa 34, wakati huo hazina maana tena. Safari hii Trump amepata asilimia 51, DeSantis 21, Haley 19. AP walimtangaza kama nusu saa tu baada ya vikao kuanza, kumbi nyingine watu bado wanasikiliza hotuba, wengine hata karatasi hawajashika. Watu wa DeSantis walikuwa wakali kama pilipili. Kwa hiyo 2020 tulilia matokeo yamechelewa, 2024 wamelia yamewahi.

Trump amechukua kaunti 98 kati ya 99. Iliyobaki ni hii yangu, Johnson. Haley kashinda kwa kura moja.

#22 Karani Mstaafu

Moja! Na zimehesabiwa mara ngapi?